Neno la Mhariri: Degedege Linaporudi

Njombe ni kwa baridi. Mwezi Julai mama habebi mtoto mgongoni bila blanketi, na mbu wanaowatesa wenzetu wa Kilombero huku juu hawastawi. Ndiyo maana mkoa wetu ni miongoni mwa mikoa yenye malaria kidogo kabisa Tanzania. Hata hivyo watoto wetu wanashikwa na degedege: homa jioni, na kabla jogoo hajawika macho yamegeuka, taya zimekaza, mwili mzima unatetemeka.

Toleo hili ni la mtoto ambaye degedege lake linarudi. Hoja yetu ni moja: mtoto huyo asipokewe kila mara kama mgeni.

Tuanze na la kutia moyo. Mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5 anaweza kutetemeka kwa sababu ya homa tu, dakika chache, kisha akalia, akanyonya na kumtambua mama yake. Takriban mmoja kati ya watatu hupatwa tena, na karibu wote hukua salama. Wa kuogopewa ni yule anayetetemeka zaidi ya dakika 5, au upande mmoja wa mwili. Asiyeamka vizuri baadaye. Ambaye shingo imekakamaa au utosi umevimba. Au aliyekuwa akiongea na kutembea, sasa hawezi. Huenda virusi vimeingia kwenye ubongo wake.

Tumezoea kuita kila homa malaria. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulipima watoto 1,005 wenye homa huko Dar es Salaam na Ifakara: wenye malaria walikuwa takriban mmoja kati ya kumi, na wengi zaidi walikuwa na maambukizi ya virusi. Kama ni hivyo Ifakara, kwenye mbu, huku kwetu Makambako je?

Hepesi, kirusi kilekile cha malengelenge ya mdomoni, kikifika kwenye ubongo na mtoto asipate dawa, huua takriban 7 kati ya 10. Dawa ipo: asiklovia ya mshipani, kwa siku 14 hadi 21, na huanzishwa kwa kushuku tu, bila kungoja majibu ya maabara ya mbali. Kinachotuponza ni nafuu ya siku ya tano. Mtoto amefumbua macho, amekunywa uji, nyumbani viazi vinangoja kuvunwa, fedha zimekwisha. Familia inaomba ruhusa. Dozi ikikatwa, kirusi kinaweza kuibuka upya. Na wakati mwingine anayerudi si kirusi: kinga ya mwili, ikishachokozwa, wiki chache baadaye hugeuka na kuushambulia ubongo wenyewe, na matibabu yake ni mengine kabisa. Ndiyo maana degedege la pili linahitaji swali jipya, si dawa ileile ya kushusha homa.

Sasa itazame Makambako. Barabara ya Songea inakutana hapa na barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Tunduma, na reli ya TAZARA inapita. Familia inafuata mbao, chai au biashara. Mtoto anatibiwa Ilembula mwezi huu, mwezi ujao yuko kwa bibi Ludewa, baadaye Iringa. Kila kituo kinaandika mstari mmoja kwenye daftari jipya la mazoezi: homa, degedege, malaria hakuna. Mistari mitatu katika madaftari matatu, na hakuna aliyeisoma yote pamoja.

Lipo pia jambo tusilopenda kulisema. Utafiti wa kitaifa wa 2022–2023 ulikuta VVU kwa asilimia 12.7 ya watu wazima wa Njombe, kiwango cha juu kuliko mkoa wowote, wakati taifa zima ni asilimia 4.4. Mtoto aliyezaliwa na VVU bila kujulikana hana ngao dhidi ya virusi vingine. Kumpima si kumtuhumu mama yake.

Na hofu ya sindano ya mgongo tuizungumze kwa heshima. Wazazi wengi wanaamini itampooza mtoto. Sindano hiyo huingia kiunoni, chini ya pale uti wa mgongo unapoishia, na matone machache ya maji ya uti wa mgongo ndiyo yanayosaidia kutofautisha bakteria na virusi. Mganga amweleze baba na bibi pia, kwa sababu mara nyingi wao ndio wanaokataa.

Kwako mzazi: degedege likianza, mlaze mtoto ubavu, usimtie kitu mdomoni, tazama saa, nenda hospitali. Mpe chanjo zote mbili za surua, ya miezi 9 na ya miezi 18, kwa kuwa kirusi cha surua kinaweza kukaa kimya kwenye ubongo kwa miaka na kuamka wakati hakuna tena dawa ya kuponya. Maliza dozi. Tunza daftari lilelile.

Kwako mhudumu: kabla ya kuandika mstari wako, uliza, "Hii ni mara ya ngapi?" Kisha subiri mama ajibu.