TAARIFA YA KATIBU WA TAWI: HELMETI YA ABIRIA KWANZA, MAFUTA YA MSAFARA BAADAYE



Leo naandika jambo moja tu, nalo ni vichwa vya watu wetu barabarani. Haya ni maoni yangu kama katibu, na nitayapeleka kwenye kikao cha kamati ya tawi yajadiliwe.

Usagara ni njia panda. Barabara moja inakwenda Shinyanga, nyingine inakwenda Kigongo mpaka Sengerema na Geita. Tangu Daraja la J.P. Magufuli lifunguliwe tarehe 19 Juni 2025, magari hayasubiri tena kivuko. Kilomita 3 za maji zinavukwa kwa dakika chache. Ni neema, na tunaishukuru Serikali. Lakini malori, mabasi na pikipiki sasa vinapishana hapa kwetu bila kupumzika, na aliyepanda pikipiki hana bodi wala mkanda wa kumkinga.

Madereva wetu wengi wana helmeti. Abiria je? Helmeti ya pili haipo, au imevalishwa kioo cha pembeni ikisubiri trafiki. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inataka anayepanda pikipiki avae kofia ngumu. Mama aliyebebwa mshikaki na mtoto wake ana kitenge tu kichwani.

Mimi ni mtu wa hesabu. Shirika la Afya Duniani, katika taarifa yake ya mwaka 2023, lilikadiria kwamba ajali za barabarani zinaua watu milioni 1.19 kwa mwaka, na ndizo zinazoongoza kwa kuua watu wa umri wa miaka 5 hadi 29. Watafiti waliokusanya tafiti za nchi mbalimbali walikuta helmeti inapunguza uwezekano wa mwendesha pikipiki kufa ajalini kwa takriban asilimia 42, na wa kuumia kichwa kwa asilimia 69. Katika vitu vyote ninavyoviandikia hati ya malipo, sijaona chenye faida kama hiyo kwa bei kama hiyo.

Ndugu zangu, jeraha la kichwa lina hila. Mtu anaanguka, anasimama, anajipangusa vumbi, anasema "niko sawa". Ndani ya fuvu damu inavuja taratibu na ubongo unabanwa. Saa chache baadaye anatapika, anasinzia, anachanganya maneno, mboni moja ya jicho inakuwa kubwa kuliko nyingine. Ukiona dalili hizo usimwache alale "apumzike". Mpeleke hospitali mara moja. Aliyezimia asinyanyuliwe mikono na miguu kama gunia. Kichwa na shingo vishikwe visiyumbe. Bugando ipo, lakini kutoka hapa ni mwendo, na anayevuja damu kichwani hana muda wa foleni ya mjini.

Najua majibu mtakayonipa. Helmeti ya abiria inanuka, ina jasho la watu, inaharibu nywele zilizosukwa. Ni kweli. Dawa yake ni kitambaa safi cha ndani, na kuianika juani kila siku. Dereva naye atasema pikipiki ni ya mkataba, hesabu ya tajiri haijatimia, helmeti ya pili ataitoa wapi? Hili nalo ni kweli, na ndilo linalotuhusu sisi kama chama.

Majirani zetu wa Rwanda wameweza. Kigali dereva wa pikipiki anatembea na helmeti mbili, na abiria anavaa bila kubembelezwa. Nao wana jasho, nao wanasuka nywele.

Vyama vyote nchini vinapenda misafara ya bodaboda. Bendera zinapepea, honi zinalia, vijana wamepanda watatu watatu, vichwa wazi. Mwananchi anayetutazama anajifunza nini? Kwa hiyo napendekeza:

1. Pikipiki yoyote isiyo na helmeti mbili zilizofungwa mikanda isipewe mafuta ya msafara wa tawi letu.
2. Mshikaki usiwepo kwenye shughuli ya chama, hata siku ya mapokezi ya kiongozi mkubwa.
3. Sehemu ya fedha ya fulana za mkutano ujao inunue helmeti za abiria kwa vijiwe viwili vya kuanzia. Risiti zibandikwe ofisini kila mtu azione.
4. Kila kiongozi wa shina aanze yeye. Akipanda bodaboda, adai helmeti. Akikosa, apande nyingine.

Wapo watakaosema katibu anaharibu shamrashamra na atatukosesha vijana. Naheshimu hofu hiyo. Lakini vijana hawa tunawaita jeshi letu wakati wa kampeni. Jeshi gani linapelekwa mbele bila kofia, halafu likianguka tunachangishana rambirambi? Fulana huchakaa baada ya mvua mbili. Baba akizikwa, watoto wanabaki na ada isiyo na mlipaji.

Mwenye hoja tofauti aje kikaoni aiseme. Mwenye kukubaliana nami asisubiri kikao. Aanze na safari yake ya leo.

Katibu wa Tawi,
Usagara, Misungwi.