Jirani Yako Hana Hatia

Msomaji, itazame mikono ya mama yako. Ndiyo inayotwanga sombe na kuanika ndagala hapa ufukoni Uvira. Tuseme asubuhi moja vidole vyake vimevimba, vya kulia na vya kushoto, wala havikunjiki mpaka jua liwe juu. Watu watasema upesi, "Amekanyaga dawa ya jirani." Tangu siku hiyo nyumba mbili hazisalimiani.

Mimi nasema jirani huyo hana hatia. Mashahidi wangu ni panya.

Mwisho wa kila mfupa, penye kiungo, pana gegedu, kitu kigumu chenye utelezi. Ndani yake mna protini iitwayo kolajeni. Mwaka 1980 wataalamu waliwachoma panya sindano ya kolajeni ya mnyama mwingine. Askari wa damu, wanaotulinda na magonjwa, wakaipiga vita. Kisha wakaigeukia hata kolajeni ya panya wenyewe, kwa maana zinafanana. Miguu ikavimba.

Utasema, "Kumbe yuko aliyewachoma!" Vema, sikia la pili. Mwaka 1996, huko Ufaransa, wataalamu walizalisha pamoja panya wa aina mbili. Wazazi hawakuwa na ugonjwa wa viungo, lakini watoto wao walivimba miguu wakiwa na umri wa majuma machache. Hawa hawakuchomwa na mtu. Askari wao wenyewe waliwageuka.

Panya hao walitufaa tena. Katika viungo vilivyovimba imo protini nyingine, TNF, ambayo ni kama tarumbeta ya kuwaita askari. Mwaka 1992, mjini London, panya walipewa dawa ya kuinyamazisha, na uvimbe ukapungua. Mwaka huohuo wagonjwa wa kwanza wakaanza kupewa dawa ya namna hiyo, wakapata nafuu.

Basi, ufanye nini? Usimchanje mama chale. Usitosheke na vidonge vya sokoni: maumivu hutulia, lakini kiungo huendelea kuliwa, na kilichokwisha kuliwa hakirudi. Mpeleke hospitali mapema, katika miezi ya kwanza. Akipewa metotreksati, ameze mara moja tu kwa juma, siyo kila siku, maana kuizidisha huua. Mwenye mimba asiinywe.

Na jioni, nenda kwa yule jirani, ukamsalimu.