Chanjo tumewapa, maelezo tumewanyima

Aprili 2024 Tanzania ilianza kutoa chanjo ya kirusi cha HPV kwa dozi moja tu, kwa wasichana wote wa miaka 9 hadi 14. Ulikuwa uamuzi mzuri, na ushahidi wake haukutoka mbali. Wasichana 930 wa Mwanza walishiriki utafiti uliolinganisha dozi moja, mbili na tatu. Huko Kenya wanawake 2,275 wa miaka 15 hadi 20 walishiriki mwingine, ulioonyesha kwamba katika miezi 18 ya kwanza dozi moja ilikinga kwa zaidi ya asilimia 97 dhidi ya aina mbili za kirusi hicho zilizo hatari kuliko zote. Kwa hiyo sina ugomvi na sindano. Ugomvi wangu ni na watu waliokaa wakaamua sindano hiyo ielezwe vipi kwa wananchi.

Sikiliza gari la matangazo linavyopita mtaani. Soma karatasi ambayo mtoto analetewa nyumbani kutoka shuleni. Ni chanjo ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi, ni salama, ni bure, mzazi mlete mwanao. Saratani hiyo inasababishwa na nini? Kirusi. Kirusi kinapatikanaje? Hapo mtangazaji anahamia kwenye tarehe na vituo. Nimeyafuatilia matangazo haya kwa muda sasa, na sijakutana na hata moja linalosema waziwazi kwamba HPV huambukizwa kwa kujamiiana. Huo ni ukimya wa kupanga, na ni kosa.

Wanaoutetea wana hoja zao. Ukitaja ngono, wazazi watawaficha watoto na viongozi wa dini watakuja juu. Kenya ilipoanza chanjo hii mwaka 2019, chama cha madaktari Wakatoliki kiliipinga hadharani. Tena mtoto wa miaka tisa ni mdogo mno kwa habari hizo, na kinachotakiwa kwanza ni achanjwe, mengine atajifunza ukubwani. Ni hoja za watu wenye nia njema, nakubali.

Lakini hazijibu swali la mama mmoja niliyemwona kwenye uwanja wa shule ya msingi siku ya chanjo. Dawati lilikuwa limewekwa chini ya mwembe, juu yake kisanduku cha baridi cha chanjo, pamba na daftari la majina. Wasichana wamepanga mstari, wameshakunja mikono ya mashati, wanachekana nani atalia. Mama huyu alifika na bintiye, akamwamkia nesi, akauliza kwa adabu kabisa: "Nesi, si saratani hii ni ya watu wazima? Huyu wangu ana miaka tisa. Kwa nini mnamchoma leo? Na mbona kaka yake mmemwacha?" Nesi alikuwa binti mdogo, amechoka, na mstari ulikuwa mrefu. "Mama, ni maelekezo ya wizara." Mama alimshika mwanawe mkono wakaondoka.

Maswali yale mawili yalikuwa na majibu, na nesi aliyajua. Chanjo hii haitibu. Inaufundisha mwili kukitambua kirusi kabla hakijaingia, kwa hiyo inafanya kazi vizuri zaidi ikitolewa kabla msichana hajaanza kujamiiana, na mwili wa mtoto unaipokea vizuri kuliko wa mtu mzima. Kirusi chenyewe hupita kwa kugusana ngozi za sehemu za siri, ndiyo maana hata kondomu hupunguza hatari bila kuimaliza. Watu wengi sana wanaojamiiana hukipata wakati fulani maishani, na mke aliyetulia na mume mmoja tangu siku ya ndoa yake anaweza kukipata vilevile. Mara nyingi mwili hukifukuza wenyewe ndani ya mwaka mmoja au miwili. Kisipoondoka, kinaweza kukaa kimya miaka 15 au 20 hadi kizae saratani. Na kaka yake? Naye hukibeba na kukiambukiza. Australia na Uingereza zinachanja wavulana pia. Sisi tumeanza na wasichana kwa sababu dozi hazitoshi wote, na saratani hii ni yao.

Maelezo hayo yanachukua dakika mbili. Sasa yatoe kujamiiana uone kinachobaki. Kwa nini tisa? Hakuna jibu. Kwa nini wasichana peke yao? Hakuna jibu. Sindano ya wasichana tu, kabla hawajavunja ungo, shuleni, bure, inahusu kizazi, na mhudumu anaulizwa sababu anataja wizara. Mtu yeyote mwenye akili timamu atashuku kwamba watoto wake wanafungwa uzazi. Tumezoea kuuita uvumi huo ujinga wa wazazi. Mimi naona ni hesabu sahihi iliyopigwa na mtu aliyefichwa tarakimu moja. Na hesabu hiyo si mpya: mwaka 2014 maaskofu wa Kikatoliki wa Kenya walidai hadharani kwamba chanjo ya pepopunda iliyolenga wanawake ilikuwa na kitu cha kuzuia mimba. Serikali ilikanusha, lakini hofu ile haikuzikwa. Wanaosema tukitaja ngono wazazi watakimbia hawajajiuliza hawa wanaokimbia sasa wanakimbia nini.

Nikiambiwa wasichana hawa ni wadogo mno kuambiwa, uvumilivu unaniishia. Mdogo kwa kipimo cha nani? Utafiti wa taifa wa afya ya uzazi wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 22 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshawahi kupata mimba. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu binti wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya mzazi. Mahakama Kuu ikasema mwaka 2016 kwamba vifungu hivyo vinapingana na Katiba, Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo mwaka 2019, na miaka ikapita Bunge likivizungukazunguka. Kumbe binti wa miaka 15 ametosha kulala na mume, ila wa miaka 14 hajatosha kusikia kirusi kinavyoambukizwa! Bibi zetu wa pwani, waliomkabidhi mwali kwa kungwi akafundwa hadi akaelewa, wangetushangaa na haya zetu hizi za ofisini.

Ukimya huu una madhara mengine, na haya yatachelewa kuonekana. Chanjo inakinga hasa dhidi ya aina ya 16 na ya 18, zinazosababisha takriban asilimia 70 ya saratani za mlango wa kizazi. Asilimia 30 iliyobaki inataka kipimo. Mwanamke akifika miaka 30 anapaswa kupimwa, na mwenye VVU aanze akiwa na miaka 25, maana hatari yake ni mara sita ya ile ya asiye na VVU. Kipimo chenyewe hakina makuu: muuguzi anaupaka mlango wa kizazi siki iliyopunguzwa makali, anasubiri kama dakika moja, anaangalia kwa taa. Pakigeuka peupe pana dalili, na mara nyingi panatibiwa siku hiyohiyo, mgonjwa akarudi nyumbani kwa miguu yake. Hata hivyo kila mwaka zaidi ya wanawake 10,000 nchini hugundulika na saratani hii na zaidi ya 6,000 hufa. Wengi wanaofika Taasisi ya Saratani ya Ocean Road wanafika ugonjwa umeshasambaa.

Msichana aliyeambiwa "umechanjwa saratani" bila neno la ziada ana kila sababu ya kuamini kwamba ameshamalizana nayo. Wengine huenda wakadhani imewakinga na VVU au mimba, kwa sababu hawakuambiwa inakinga nini hasa. Wale wa miaka 14 waliochanjwa mwaka 2018, chanjo ilipoanza nchi nzima, sasa wamevuka 20. Baadhi ni mama. Mwaka 2034 watatimiza miaka 30, na kama hakuna aliyewaeleza mapema, watakwenda kupimwa kwa sababu gani?

Karatasi ya wazazi ina nafasi ya sentensi nne zaidi. Waandikaji wake wakikwama, wachukue hizi: "Kirusi cha HPV huambukizwa kwa kujamiiana. Tunamchanja binti yako sasa kwa sababu chanjo hufanya kazi vizuri kabla hajakutana nacho. Haigusi uwezo wake wa kuzaa. Akifika miaka 30 aende kupimwa, hata kama alichanjwa." Anayeona ni mazito mno kwa mzazi wa Kitanzania atuambie ni sentensi ipi kati ya hizo si ya kweli.