Trekta Kuukuu au la Kisasa? Madai Sita ya Mwea na Majibu Yake

Maji yakifunguliwa mferejini kwenda kwenye majaruba ya mpunga ya Mwea, mjadala wa matrekta nao huanza upya. Wako wanaoapa kwa Massey Ferguson 135, lililoanza kutoka kiwandani mwaka 1964, na wako wasiotaka hata kusikia habari za chuma kilichowazidi umri. Madai ya pande zote mbili yanarudiwa katika miji ya hapa ya Ngurubani na Kimbimbi bila kupimwa. Tuyapime, tukikumbuka kwamba trekta la hapa halilimi ardhi kavu kama la Timau. Linashinda majini, kwenye udongo mweusi unaonata.

“Chuma cha zamani hakivunjiki.”
Unayoyaona barabarani ni yaliyosalia. Yaliyopasuka giaboksi yaliuzwa kwa kilo zamani kwa watu wa vyuma chakavu, na hakuna anayeyahesabu anapoyasifu yaliyobaki. Isitoshe, jarubani uzito una gharama yake. Magurudumu yakitoboa tabaka gumu lililo chini ya tope, trekta linakalia tumbo. Hata likishavutwa, pale lilipochimba pataendelea kumeza maji na kumzamisha atakayepita msimu ujao.

“La kisasa ni kompyuta tupu, fundi wetu hataliweza.”
Kompyuta zimejaa zaidi kwenye matrekta makubwa yaliyoundwa kutimiza sheria za moshi za Ulaya na Marekani. Mengi ya madogo yanayouzwa kwetu bado yana pampu ya dizeli ya kawaida, ambayo fundi yeyote mzoefu anaijua. Ukweli uliomo kwenye dai hili ni wa spea. Kifaa cha 135 utakipata Kirinyaga Road, Nairobi, ukienda na kile kilichoharibika mkononi. Cha trekta geni lililoletwa na mwagizaji mmoja tu huenda kikasubiri meli. Kabla ya kulipa, uliza bei ya sahani ya klachi, sili za ekseli na pampu ya maji, kisha uliza kama viko dukani leo au vinaagizwa.

“Kuukuu ni bei nafuu.”
Siku ya kununua, ndiyo. Lakini tangu Bwawa la Thiba, linalolisha mifereji ya Mwea, lizinduliwe Oktoba 2022, hesabu imebadilika. Kadiri maji yanavyowezesha misimu miwili kwa mwaka, ndivyo muda kati ya kuvuna na kupandikiza unavyobana. Maji huja kwa zamu, na miche ikizeeka kitaluni mavuno hupungua. Trekta likilala kwa fundi wiki nzima wakati huo, hasara haiishii kwenye malipo ya fundi: wateja huhamia kwa jirani, na huwapati tena msimu huo. Basi kwenye bei ya kuukuu jumlisha gharama ya kufungua injini na klachi, pamoja na kazi utakayoikosa, ndipo uiite nafuu.

“Kuukuu linakunywa dizeli.”
Hapa wazee wanaonewa. Injini ya Perkins ya silinda tatu, lita 2.5, iliyofungwa kwenye 135 ilisifika kwa kubana mafuta. Kinachomaliza dizeli ni nozeli zinazotiririsha, chujio la hewa lililoziba, na dereva anayelazimisha rotaveta butu kwa gia isiyofaa. Ukinunua jipya la nguvu za farasi 75 kwa kazi inayomalizwa na 45, usitarajie kuokoa chochote kwenye kituo cha mafuta.

“Injini ikinguruma vizuri, trekta ni zima.”
Hili ndilo dai linalowatia watu hasara kubwa, kwa sababu jarubani injini huwa ya mwisho kuugua. Tope hula sili za ekseli kwanza, maji yakaingia kwenye mafuta ya gia, beringi zikaanza kusagika. Trekta likiwa limepoa, legeza nati ya kumwagia mafuta chini ya ekseli ya nyuma na ukinge kopo. Mafuta yakitoka meupe kama chai ya maziwa, usiendelee na bei.

Kisha breki. Mengi ya miaka ya 1960 na 1970 yana breki za dramu kavu, ambazo tope likiingia hazishiki sawasawa na huisha upesi. Mengi ya kisasa yana sahani zinazozunguka ndani ya mafuta.

Mwisho klachi. Baadhi ya matrekta ya zamani yana klachi ya hatua moja: ukikanyaga, magurudumu na shafti inayozungusha rotaveta vinasimama pamoja, katikati ya tope. Ya hatua mbili, ukikanyaga nusu, magurudumu husimama na rotaveta ikaendelea kuzunguka. Massey Ferguson 35 liliuzwa kwa aina zote mbili, kwa hiyo jina kwenye boneti halitoshi. Kanyaga nusu ujionee.

“Fremu ya kinga ni ya watu wa milimani, Mwea ni tambarare.”
Othaya trekta hupinduka kwa mteremko. Mwea hupinduka kwa gogo. Likizama, vijana hulifungia gogo kwa mnyororo kwenye magurudumu ya nyuma. Gogo likigoma kupita, gurudumu halizunguki, na nguvu yote inageuza trekta lenyewe: pua inanyanyuka na kumwangukia dereva kwa muda usiofika sekunde mbili. Hakuna mguu unaowahi klachi. Sweden iliamuru fremu kwenye matrekta mapya mwaka 1959, na vifo vya kupinduka vikashuka sana. Kuukuu pia linaweza kufungwa fremu, mradi iwe iliyoundwa kwa kazi hiyo, si mabomba ya kuchomelea paa la kivuli.

Nani basi anunue lipi? Mwenye ekari zake nne tu akodishe, au aungane na majirani. Anayelima shamba lake na la majirani wachache, akiwa na fundi wa karibu, kuukuu lenye klachi ya hatua mbili na mafuta safi litamtosha. Anayeishi kwa kulimia watu misimu miwili atafute la kisasa, jepesi, linalovuta kwa magurudumu manne, ambalo spea zake ziko Embu au Nairobi. Dalali atakuanzia na mwaka wa kutengenezwa. Wewe anza na spana na kopo.