Mpingo Hauimbi

Mpingo hauimbi. Nalisema hili mimi mtu wa Kilwa, niliyekulia mahali ambapo kila mtoto anajua kwamba kipande cha mpingo ukikitupa majini kinazama kama jiwe, na najua nitawaudhi ndugu zangu. Tumezoea kusoma magazetini kwamba huu ni mti wa muziki, kwamba klarineti na obo za Ulaya hupata utamu wake kutoka kwenye ule moyo mweusi wa mti wetu. Huku Ayalandi ninakoishi, wapiga filimbi wengi wanaamini hivyo hivyo: ukitaka filimbi ya maana kwa muziki wa jadi, nunua ya mti, na mti wenyewe uwe mpingo. Ya mti mwingine ni ya kuanzia, ya plastiki ni ya kuchezea watoto. Imani hii ni ya uongo, na imewala watu pesa na moyo.

Ukigonga marimba, ubao ndio unaotikisika, kwa hiyo ukibadilisha ubao umebadilisha sauti. Ngoma ni vivyo hivyo na ngozi yake. Gitaa lina ubao mwembamba kifuani unaopokea mtikisiko wa nyuzi na kuutangaza. Filimbi si ya ukoo huo. Mpigaji hupeleka pumzi kwenye ukingo wa tundu la kupulizia, nayo huyumba pale, mara ndani mara nje, karibu mara 300 kwa sekunde katika D ya chini kabisa. Kinachotikisika ni hewa iliyomo ndani ya uvungu. Kazi ya ukuta ni kuibana hewa hiyo isitoke ila pale fundi alipotoboa.

Mwaka 1971 mwanafizikia Mmarekani John Coltman, naye mpiga filimbi, alichapisha matokeo ya jaribio lake. Alitengeneza filimbi zenye uvungu wa vipimo sawasawa, moja ya fedha nyembamba, moja ya shaba nzito, moja ya mti, zote zikiwa na kichwa cha kupulizia cha aina moja. Wasikilizaji wazoefu hawakuweza kuzitofautisha. Wapigaji wenyewe, walipopewa wazipige bila kuona wala kuhisi wameshika ipi, hawakuweza pia. Zaidi ya nusu karne imepita, na bado muuzaji anakusifia mti kabla hajakwambia lolote kuhusu tundu la kupulizia.

Kuna wanaonijibu kwamba wao wanasikia tofauti kwa masikio yao. Nawaamini. Filimbi mbili za fundi mmoja, za gogo moja la mpingo, nazo huwa na tofauti, kwa sababu mkono wa fundi ulipita kwenye ukingo wa tundu la kwanza kwa namna moja na la pili kwa namna nyingine. Mkwaruzo mdogo wa kisu pale unaweza kuigeuza noti ya chini kutoka kukoroma hadi kulia. Masikio yenu hayakosei. Mnachokosea ni kumpa mti sifa iliyo haki ya kisu.

Historia ya muziki wa jadi wa Ayalandi nayo inashuhudia kinyume. Filimbi wanayoiita ya Kiayalandi ilizaliwa katika karakana za London za karne ya 19, kwa mafundi kama Rudall na Rose, ikiwa chombo cha okestra na cha sebule za matajiri. Kisha Theobald Boehm wa Munich akaleta mtindo wake mpya, wa kwanza mwaka 1832 na ule wa uvungu ulionyooka mwaka 1847, na taratibu wapigaji wa okestra wakahamia huko. Filimbi za zamani zikashuka bei, na nyingi zikaishia mikononi mwa watu wa mashambani Ayalandi, Sligo, Roscommon, Leitrim, ambao hawakuhitaji okestra bali sauti nzito ya kuchezea rili na jigi. John McKenna wa Leitrim alirekodi sahani zake New York katika miaka ya 1920 akipuliza kwa nguvu ambayo wanaojifunza leo bado wanaihangaikia.

Na zile filimbi za Rudall, ambazo mafundi wa leo wanazipima na kuziiga, nyingi hazikuwa za mpingo. Zilikuwa za mti wa visiwa vya Karibi, Kuba na Jamaika, uitwao kokasi. Mti huo ulikatwa mpaka ukawa adimu, ndipo mafundi wakageukia mwambao wetu na Msumbiji. Kwa hiyo sauti ambayo leo tunaambiwa ni ya mpingo ilikuwapo kabla mpingo haujashika nafasi hiyo. Aliyeiga vipimo vya Rudall kwa mpingo aliipata. Mafundi wanaoiga vipimo hivyo hivyo kwa Delrin, plastiki nyeusi ngumu inayokerezwa kama mti, wanaipata pia.

Sitaki nionekane nimeukana mti wa kwetu. Sifa ya mpingo ni kubwa, ila iko kwenye kerezo. Mbao zake zimeshikana mno, zina mafuta yake yenyewe, na chuma cha fundi huacha ukingo mkali usiochanika. Mti laini huota manyoya pale pumzi inapopita. Mbao ya boksi, waliyoipenda mafundi wa zamani, hunywa unyevu na kupinda, na nimeona filimbi yake iliyopinda kama ndizi. Mpingo hutobolewa, ukaachwa upumzike miezi au miaka, ukakerezwa tena, na ukishatulia unashika kipimo ulichopewa. Ni mti mwaminifu. Lakini kutunza kipimo ni jambo moja na kutoa sauti ni jingine, maana kipimo kibaya nacho utakitunza kwa uaminifu ule ule.

Hilo nililijua kwa gharama. Nilipoanza kujifunza, nilikuwa na pesa ya filimbi moja tu. Duka moja lilikuwa na ya Delrin, iliyotengenezwa na fundi anayejulikana, na nyingine ya mti mweusi, ya bei iyo hiyo, isiyo na jina la fundi, yenye pete za shaba na vitufe sita vinavyong'aa. Muuzaji akanihakikishia kuwa ni mpingo. Ningeachaje mti wa nyumbani? Baridi nzima nilipuliza. F shapu ilikuwa imeshuka, oktavu ya juu haikukubaliana na ya chini, D ya chini ilitoka kama mtu anayehema, na vitufe vilivuja. Nikajilaumu midomo, nikajilaumu mapafu, nikafika mahali pa kuamini kwamba muziki huu haukuandikwa kwa mtu kama mimi. Mwalimu wangu, mama mmoja wa Roscommon, siku moja aliichukua, akaipuliza dakika mbili, akanirudishia. Akaniambia nisijilaumu tena, hata yeye imemshinda.

Ni wangapi waliopewa filimbi kama ile wakaacha, wakidhani kosa ni lao? Hilo ndilo linaloniuma kuliko pesa.

Basi mtu anayenunua aangalie nini? Apuliziwe kwanza na mpigaji mzoefu, maana mwanafunzi hawezi kujua kama noti imemshinda yeye au imeishinda filimbi. D ya chini isimame imara ikisukumwa, isikimbilie oktavu ya juu. Oktavu zilingane kwenye kipimo cha simu, A ikiwa 440, bila mpigaji kukunja shingo kutafuta noti. Filimbi nyingi za kale zilitengenezwa enzi ambazo kipimo hicho hakikuwa na makubaliano, na mguu wake mara nyingi uko chini kuliko mwili, kwa hiyo ukongwe si dhamana. Matundu yafikiwe na vidole vyako wewe: mitindo inayoitwa ya Pratten ina matundu makubwa na inataka pumzi nyingi, na mwenye mkono mdogo atastarehe zaidi na mitindo ya Rudall. Vitufe vinaweza kungoja. Sehemu kubwa ya muziki huu iko kwenye ufunguo wa D na G na ndugu zao, na matundu sita matupu yanaumudu. Pesa ya vitufe iende kwa fundi mwenye tundu zuri la kupulizia.

Na ukinunua ya mti, jua umenunua na kazi ya kuutunza. Vichwa vingi vina bomba la chuma ndani. Hewa ikikauka, kama kwenye nyumba zenye hita wakati wa baridi, mti husinyaa na chuma hakisinyai, na mti ndio unaopasuka. Kwa anayeishi mahali pakavu, au anayesafiri sana, Delrin ni uamuzi wa mtu mwenye akili.

Kuna pia msitu. Mpingo huchukua miaka 70 na zaidi kufikia umri wa kukatwa, na unakua umepinda. Wanunuzi wa vyombo vya muziki wanataka kipande kilichonyooka, kisicho na fundo wala ufa wala weupe wa pembeni, na sehemu kubwa ya gogo hubaki kiwandani. Vijiji vya kwetu Kilwa vilivyopata cheti cha FSC, cha usimamizi bora wa misitu, mwaka 2009 vimeonyesha kwamba mti huu unaweza kuvunwa kwa mpango na wanakijiji wakalipwa. Fundi anayejua anachokifanya na anunue kwao, kwa bei nzuri. Ila kuumaliza mti wa miaka 70 kwenye filimbi isiyopigika, kwa sababu tu mnunuzi ameambiwa weusi ndio sauti, ni dhuluma kwa msitu na kwa waliouchunga.

Ile filimbi yangu ya vitufe sita bado ninayo. Mwezi uliopita kijana aliyeanza kuja kwenye vikao vyetu vya muziki aliiona kabatini, akaishika, akasifu uzito wake na mng'aro wake, akaniuliza ninauza bei gani. Nilikataa kumuuzia. Nimemwazima ya Delrin niliyoinunua baadaye, aipige mpaka zamu yake ifike kwa fundi aliyemwagizia.