Mtoto Anapoomba Kupanda Mlima wa Theluji

Wengi wetu tuna watoto au wadogo zetu wanaosoma katika nchi za baridi. Siku moja simu inalia, na mtoto anasema kwa furaha, "Mama, mwezi wa pili tunakwenda kupanda mlima wenye theluji." Mama hushtuka, na neno la kwanza kumjia mdomoni ni "Hapana." Lakini kijana aliyekatazwa bila kuelezwa sababu aweza kwenda bila kuaga. Afadhali mama ajue la kumwuliza.

Sisi tunaofanya kazi ya uuguzi huku Uskoti tuliona vema tujifunze wenyewe kwanza kabla ya kuwashauri wengine. Tukajiandikisha, wauguzi watatu na mwenzetu mmoja wa kanisani, katika mafunzo ya siku mbili ya wanaoanza, kwenye milima ya Cairngorms karibu na mji wa Aviemore. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kupanda mlima wakati wa baridi.

Milima ile si mirefu. Cairn Gorm wenyewe una mita 1,245, haufiki hata robo ya Kilimanjaro. Kwa sababu hiyo watu huudharau. Lakini mwezi Machi 1986 kileleni pake ulipimwa upepo wa kilomita 278 kwa saa. Mwishoni mwa Desemba jua huchomoza huko karibu saa tatu asubuhi, na kabla ya saa kumi alasiri limekwisha kutua. Tena, kila mtu apandapo mita 1,000, baridi huongezeka kwa nyuzi 6 au 7. Upepo nao huizidisha: hewa ya nyuzi 0 ikichanganyika na upepo wa kilomita 50 kwa saa, mwili huhisi kama ni nyuzi 8 chini ya sifuri.

Katika milima hiyo hiyo, Novemba 1971, kikundi cha wanafunzi kutoka Edinburgh kilikuwa kikielekea kwenye kibanda kidogo kilichokuwa juu penye uwanda. Tufani ya theluji iliwakuta kabla hawajakifikia, wakalala nje usiku wa kwanza na wa pili. Wanafunzi watano walikufa, pamoja na msaidizi wa kiongozi, msichana wa miaka 18. Waliookolewa wakiwa hai ni wawili tu, kiongozi na mwanafunzi mmoja. Tangu msiba huo, mkazo mkubwa umewekwa juu ya mafunzo ya wale wanaoongoza vijana milimani. Kwa hiyo mama anayeuliza maswali si mwoga. Anauliza jambo lililogharimu maisha ya watoto wa wenzake.

Na je, hufundishwa nini? Saa ya kwanza tuliketi mezani. Tulisoma utabiri wa hali ya hewa, na taarifa ya maporomoko ya theluji ambayo huko Uskoti hutolewa kila siku wakati wa majira ya baridi. Taarifa hiyo huonyesha ni upande gani wa mlima wenye hatari, kwa maana upepo huikusanya theluji upande mmoja, na theluji iliyorundikana hivyo hukatika upesi. Kutokana na hayo ndipo tukachagua njia ya kupita.

Kisha tulifundishwa kutembea upya kama watoto. Kupanda ni kupiga theluji kwa ncha ya kiatu kigumu mpaka pawe na kidaraja cha kukanyaga, na kushuka ni kukita kisigino. Penye barafu tulifunga meno ya chuma chini ya viatu, tukajifunza kutembea miguu ikiwa imeachana kidogo, ili meno yasinase suruali. Mkononi kila mmoja alishika sururu ndogo ya barafu. Mahali salama, pasipo na mawe chini yake, tulijiachia tuteleze makusudi, kisha tukageuka kifudifudi na kuigandamiza sururu kwenye theluji kwa uzito wa kifua mpaka tukasimama. Tulirudia mara nyingi, maana anayeteleza kweli hana nafasi ya kufikiri. Hata hivyo mwalimu alisisitiza kwamba lililo bora ni kukanyaga vizuri usiteleze kabisa. Tulijifunza pia kutumia ramani na dira huku tukihesabu hatua, kwa sababu theluji na ukungu vikikutana, mbingu na nchi huwa weupe mmoja, na mtu haoni hata ukingo wa genge ulio mbele yake.

Siku ya pili hatukufika kileleni. Upepo uliongezeka mapema kuliko ilivyotazamiwa, mwalimu akatugeuza, tukashuka. Hakuna aliyenung'unika. Kwa maoni yetu hilo lilikuwa somo kubwa kuliko yote. Mlima utakuwapo kesho, na mtu aliyefundishwa vema hujua saa ya kurudi kabla hajatoka nyumbani.

Sasa tuseme juu ya mwili, ambalo ni eneo letu. Kila mama aliyejifungua anajua tunavyomtunza mtoto mchanga: tunamkausha mara moja, tunamfunika kichwa, tunamwondoa penye upepo, wala hatumlazi juu ya kitu cha baridi. Mlimani kanuni ni zile zile. Nguo iliyolowa hunyang'anya joto, upepo hulichukua, na ardhi hulinyonya. Ndiyo maana nguo za pamba hazifai kuvaliwa karibu na ngozi, kwa kuwa hushika jasho na hazikauki upesi. Sufu ni bora zaidi. Ni vizuri kuvaa nguo kadhaa nyepesi, moja juu ya nyingine, na ya nje iwe ya kuzuia upepo na maji. Mtu akitaka kuketi, akalie mkoba wake.

Joto la mwili likishuka chini ya nyuzi 35, mtu yuko hatarini, na mara nyingi yeye mwenyewe hajui. Wenzake ndio wa kumtazama. Hutetemeka, hujikwaa, hushindwa kufunga vifungo, husema kwa kudodosa, hukasirika bila sababu au hunyamaza na kubaki nyuma. Akiacha kutetemeka huku bado yu baridi na amechanganyikiwa, msidhani kwamba amepata nafuu. Hali imekuwa mbaya zaidi.

Mkingeni na upepo, mtandikieni kitu chini, mvisheni nguo kavu, mfunikeni pamoja na kichwa. Akiwa na fahamu zake na aweza kumeza, mpeni kinywaji cha moto chenye sukari. Msimpe pombe, kwa maana huipanua mishipa ya ngozi na kupoteza joto. Msimsugue mikono na miguu, na mtu aliyepoa sana msimtikise, kwani moyo wake huweza kuvurugika mapigo. Kisha itafuteni msaada: mapigo sita ya filimbi katika dakika moja, kunyamaza dakika moja, na kurudia. Mahali simu inaposhika, huku Uingereza hupigwa 999, huombwa polisi, kisha waokoaji wa milimani.

Haya yawafae pia wenye vijana wanaopanda Kilimanjaro au Mlima Kenya, ambako usiku wa juu ni wa barafu ingawa mchana ulianza kwa jua kali. Huko huongezeka ugonjwa wa mwinuko, ambao milima ya Uskoti haina kwa kuwa ni mifupi.

Basi mtoto akipiga simu, mwulize haya. Anayewaongoza ana cheti cha kuongoza watu milimani wakati wa baridi, au cha majira ya joto peke yake? Je, wewe mwenyewe umefundishwa kutumia vifaa utakavyobeba? Ni nani atakayebaki chini akijua njia yenu na saa ya kurudi? Mna tochi za kichwani, chakula cha ziada, glavu za akiba na mfuko mkubwa wa kujikinga na upepo? Mmepanga saa ngapi kugeuka, hata kama hamjafika kileleni?

Akijibu vizuri yote, mpe ruhusa kwa moyo mweupe. Asipoweza kujibu, usimkemee. Mwambie aanze na mafunzo ya wanaoanza, mlima atauona baadaye. Na siku ile akikupigia kusema, "Mama, tulirudi njiani," msifu kuliko ambavyo ungemsifu kama angefika juu.