Korti Imefungua Mlango, Sasa Nani Atatibu Depresheni Kisumu?

Msee wa Kondele, Nyalenda ama Dunga, soma hii hata kama unajiona uko fiti.

Tarehe 9 Januari 2025, Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu alisema kifungu cha 226 cha sheria ya adhabu kinaenda kinyume na Katiba. Hicho ndicho kilifanya mtu aliyejaribu kujitoa uhai awe mhalifu, na angeweza kufungwa hadi miaka 2. Yaani ukihitaji daktari, unaletewa karao.

Sawa, mlango umefunguliwa. Lakini ukiingia, unapata nani? Kenya haina madaktari wa akili wa kutosha, na wengi wako Nairobi.

Kwanza tuelewane. Depresheni si kununa juu Gor wamechapwa. Ni wiki 2 ama zaidi, karibu kila siku: usingizi umehepa, chakula haipiti, na vitu ulikuwa unapenda hazikubambi tena. Baipola nayo ina pande mbili. Kuna kipindi uko chini hivyo, na kingine uko juu kupita kiasi: siku kadhaa hulali na huchoki, unaongea mbio, unamwaga pesa ovyo. Mtaani watasema ni chira. Zii, ni ugonjwa, na unatibika.

Cheki majirani wetu wa ziwa, Masaka na Rakai kule Uganda. Utafiti uliotoka 2003 ulifanywa vijiji 30. Wenye depresheni walikutana kwa vikundi kila wiki, wiki 16, wakipiga stori za msiba, ugomvi na maisha kubadilika. Walioongoza hawakuwa madaktari, ni watu wa kawaida waliofunzwa. Mwishoni, waliobaki na depresheni hawakufika 7 kwa kila 100. Kule hakukuwa na vikundi, walikuwa zaidi ya 50.

Hapa Kisumu pia, watafiti wamejaribu maongezi kama hayo na dawa ya fluoxetine kwenye hospitali ya kaunti, bila kungoja daktari wa akili. Kwa hivyo si lazima tungoje mabingwa watoke Nairobi.

Ukipewa dawa za depresheni, jua zinachukua wiki 2 hadi 4 ndio usikie tofauti. Usiziache kivyako. Na kama umewahi kuwa na zile siku za juu, mwambie daktari mapema: baipola ina dawa zake, kama lithiamu, na dawa za depresheni pekee zinaweza kukurusha juu zaidi.

Sheria ya afya ya akili ilirekebishwa 2022 na kaunti zikapewa hii kazi. MCA akija mtaani kuomba kura, usimuulize barabara pekee. Muulize kliniki ya wadi yenu ina nani amefunzwa kusikiza watu.

Na kama beshte yako amenyamaza sana siku hizi, usimwambie ajikaze. Muulize anasikiaje, kisha umsindikize kliniki leo.